Kofia Aliyotagia Kuku

Kolwezi, 30 Septemba 1972

Shimo la mgodi limeanguka asubuhi, na mvua ya kwanza ya mwaka imenyesha mchana. Vyote viwili kwa siku moja.

Sirene, king'ora cha mgodi, imelia nikimwosha Abibu. Musafiri, bwana yangu, ni mmoja wa basovetere, wale wanaoshuka chini kutoa wenzao mawe yakiwaangukia. Sisi wake wa kambi, sirene ikilia hakuna anayemaliza alichokuwa anafanya. Nimekimbia na mtoto ana sabuni masikioni. Langoni nimesimama na Henriette, jirani yangu, bibi ya Kyungu aliye mkubwa wa kikosi. Hatukusema kitu. Henriette asiposema kitu, ujue hali ni mbaya.

Wametoa watu watatu wazima na mmoja amefunikwa turubai. Halafu wakatoka basovetere wenyewe, weupe kwa vumbi kama watu waliolala ndani ya unga. Musafiri alitembea kwa miguu yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Aliniangalia kama mtu anayetafuta jina ambalo liko karibu kuja. Halafu akacheka.

"Mama Abibu, umeleta mutoto na sabuni!"

Nyumbani ametapika. Anasema ni vumbi.

2 Oktoba

Wamempa kofia mpya ya kazi. Ile ya zamani ina ufa mrefu upande wa kushoto. "Kajiwe kadogo," anasema. Nimeiweka nyuma ya nyumba, karibu na mbabula, jiko letu la makaa, nikidhani itafaa kubebea makaa. Kuku wetu mwekundu ameingia ndani, amekataa kutoka.

9 Oktoba

Mwezi umeonekana jana. Musafiri amefunga. Mimi sifungi, nanyonyesha. Amisa, binti yetu wa miaka minne, ametangaza kwamba yeye pia anafunga, halafu amekula bukari, ugali wetu, kuliko siku zote.

16 Oktoba

Musafiri ana kichwa, kinamuuma. Msikiti wote una kichwa, shehe mwenyewe amewacheka: eti si saumu inayowauma, ni kukosa chai ya asubuhi. Na Musafiri ni mtu wa chai. Basi.

20 Oktoba

Mvua. Vitambaa vya mtoto havikauki. Abibu anaota meno. Nimechoka mpaka kwenye nywele.

29 Oktoba

Wakati wa kufuturu Musafiri ametia chumvi ndani ya chai. Nimengoja ateme. Amekunywa yote, akaomba nyingine.

Halafu Abibu akalia, na Musafiri akapiga meza kwa mkono hadi kikombe kikaruka. Tangu tuoane sijamwona akipiga hata mlango. Amisa akaingia nyuma ya kikwembe changu, kitenge nilichojifunga. Musafiri akaangalia mkono wake, akaanza kulia, mtu mzima vile.

"Mwanvua, kichwa iko nalia ndani sawa sirene."

"Ni saumu," nikamwambia. "Idi iko karibu."

8 Novemba, Idi

Mama mkwe wangu, Mama Kadija, amekuja na treni kutoka Mutshatsha, na jogoo wawili na unga wa muhogo. Nilifurahi kupata mikono mingine ndani ya nyumba.

Kwenye swala Musafiri alienda kusujudu, hakuinuka. Watu wote walikuwa wamesimama tayari wakati mwenzake alipomvuta kwa kanzu. Njiani alitembea kama mtu aliye juu ya utelezi, na barabara ilikuwa kavu. Mama Kadija alimkumbatia mlangoni, akamshika muda mrefu. Niliona pua yake inavyofanya kazi.

Baadaye akanifuata jikoni.

"Haiko pombe," akasema.

"Hapana, Mama. Hajagusa pombe tangu azaliwe."

"Mi nilitaka ikuwe pombe. Pombe inatokaka." Akachukua kisu, akaanza kukata vitunguu bila kuombwa. "Mutu akishangiliwa na kambi muzima, hakukosekane jicho moja yenye haishangilie. Kuko mutu alimuangalia mubaya siku ile."

Nikapuliza makaa. Kwetu pia watu wanaamini hivyo.

12 Novemba

Musafiri amerudi na ndala moja. Watoto wa mtaa nyuma yake, wanamzomea kama baba mlevi: "Tata mulevi! Tata mulevi!" Nimetoka na ufagio, wamekimbia.

Henriette alikuwa juu ya ukuta wake mdogo, anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Mama Abibu, usinikasirikie. Bwanaume banaanzaka na siri. Yangu alianza na kachupa mu buti."

"Yako ni Mukatolika, Mama Henriette. Yangu angeweka wapi, mu kanzu?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nimefuata njia nyuma mpaka nikakuta ndala karibu na robine, bomba la maji la mtaa. Ya kuume.

13 Novemba

Tena ya kuume. Mlevi hupoteza ndala yoyote iliyokuja. Na vikombe vinavyovunjika nyumbani vinaanguka kutoka mkono huohuo. Hii si tabia. Hiki ni kitu.

14 Novemba

Dispansere, zahanati ya kambi. Mwuguzi amempa aspirini na dawa ya malaria. Amemwuliza, "Ulipigwa kichwa?" Musafiri akasema hapana. Kyungu alikuwa ametusindikiza, kwa kuwa Musafiri hawezi kutembea peke yake vizuri. Nilimwona Kyungu anaangalia buti zake.

17 Novemba

Mvua. Musafiri analala. Anaamka, anakula, analala.

19 Novemba

Leo mchana alikaa nikinyonyesha. Akatuangalia kwa upole, kama mgeni anayeogopa kusumbua.

"Huyu mutoto ni ya nani?"

"Ni yako," nikasema.

"Aa. Muzuri."

Akarudi kulala. Nimemaliza kunyonyesha upande mmoja, nikageuza mtoto, nikamaliza wa pili. Nimeosha vyombo. Nimeandika haya. Sasa nitalia kidogo.

22 Novemba

Naandika nikiwa hospitali. Abibu amelala mgongoni. Nianze mwanzo.

Jana asubuhi Mama Kadija aliamka na shauri lililokwisha. Treni ya Mutshatsha inaondoka mchana. Kule kuna mzee anayeumika kwa pembe: anachanja ngozi ya kichwa kidogo, anaweka pembe, anavuta damu mbaya na kile kilichotumwa nayo. Alikuwa ameshafunga sanduku la Musafiri. Kanzu, suruali mbili, picha ya baba yake.

Nataka niseme haki: Mama Kadija si mtu mbaya. Alimletea kombe kutoka kwa shehe, maneno ya Mungu yaliyooshwa kwa maji, nami nilimshikilia kichwa Musafiri anywe. Maneno ya Mungu hayamuumizi mtu. Lakini kichwa kile kilikuwa na kitu ndani, na kumtikisa ndani ya treni, halafu kumchanja! Moyo wangu ukakataa. Nikachukua mtoto, nikaenda, nikakaa juu ya sanduku.

"Ondoka," akasema.

"Hapana, Mama."

"Ondoka juu ya sanduku ya mutoto yangu."

"Kama unaitaka, ubebe na mi juu yake. Na huyu Abibu. Tuko bazito."

Nikatoa ziwa, nikaanza kunyonyesha palepale. Mtu hawezi kumvuta mwanamke anayenyonyesha. Mama Kadija alizunguka, akasimama mlangoni, akarudi.

"Mi njo nilimuzaa," akasema, na sauti yake ikavunjika.

"Najua, Mama. Njo maana nakuomba, sikuamuru. Unipe leo. Leo tu. Tumupeleke ku hospitali kubwa. Munganga akisema hana kitu, mi mwenyewe nitabeba hii sanduku ku kichwa mpaka ku gare ya treni."

"Na treni?"

"Treni itarudia. Yeye, sijui."

Alikaa chini kwenye mkeka. Halafu akavua kitambaa chake kizuri cha safari, akafunga kile cha kazi. "Basi tumuamushe," akasema.

Hakuamka vizuri. Alifungua macho, akayafunga. Shemeji yangu Nasoro anaendesha lori la unga. Lilikuwa bado mtaani. Tukampandisha juu ya magunia, mama yake ameshika kichwa, mimi miguu. Ndala ya kuume ikaanguka tena. Safari hii niliiacha.

Hospitalini kuna munganga, daktari kijana, Kalala, mtoto wa hapahapa aliyesomea Kinshasa. Hakuuliza maneno mengi. Alimpiga Musafiri mashavu kidogo, akamfanya akae, akamwambia anyooshe mikono mbele na afunge macho, kama mtu anayengoja kupokea kitu. Mkono wa kushoto ulibaki juu. Wa kuume ulishuka polepole, polepole, wenyewe, Musafiri hajui. Mama Kadija alishika mdomo. Halafu munganga akamulika macho. Akaniita nione. Mboni ya kushoto ilikuwa kubwa kuliko mwenzake.

"Alipigwa kichwa?"

Nikamwambia habari ya shimo, na kofia yenye ufa.

"Kofia hupasuka hata ikianguka kwenye simenti. Alizimia? Alilala chini, akaamka bila kujua mahali alipo?"

"Anasema hapana. Mi sikukuwa mu shimo, Munganga."

Alifuta miwani yake kwa muda. Naandika maneno yake kama nilivyoyashika. Alisema, mtu akipigwa kichwa, mshipa mdogo unaweza kupasuka chini ya mfupa, ukavuja kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Kwa nje hakuna kidonda. Damu inajikusanya, inabana ubongo, na mtu anageuka mwingine: hasira, usingizi, mguu mzito. Watu wanadhani amelewa. "Kama ni hiyo, nisipofungua anakufa, na haraka. Lakini kama ni malaria iliyopanda kichwani, nikimfungua namuua mimi. Dalili zote mbili zinafanana. Nani alikuwa naye chini? Nileteeni huyo."

Nikaacha Mama Kadija ameshika mkono wa mtoto wake. Mvua ilikuwa inapiga kama mawe. Nasoro alinirudisha kambini. Nilipita nyuma ya nyumba kwanza. Kuku alikuwa juu ya mayai; nikamtoa, akanidonoa, nikatia mayai ndani ya sufuria, nikachukua kofia. Nikaingia kwa Kyungu bila kubisha.

Alikuwa anatengeneza tairi la baiskeli. Henriette alisimama aliponiona, maji yanatiririka, mtoto mgongoni, kofia mkononi. Nikaiweka juu ya meza yao.

"Tata Kyungu. Alizimia?"

Akaangalia kofia. Ndani ilikuwa na majani na manyoya ya kuku.

"Mama Abibu, sisi ya basovetere tuko na sheria yetu. Ya chini inabaki chini."

"Alizimia?"

"Mutu akizimia chini, banamutosha inje ya kikosi. Kofia inarudi. Banamuweka afagie ku biro ya bakubwa. Musafiri angekufa na haya. Tulimufichia juu ya kumupenda."

"Njo yeye anabaki chini, Tata Kyungu!" Sijawahi kumpandishia sauti mwanamume aliyenizidi umri. "Mulitosha mwili inje, kichwa mukaiacha kule. Munganga hawezi kufungua bila kujua. Rudia ukaitoshe!"

Henriette akasema polepole, "Kyungu. Wee. Na mi nilisema ni pombe. Mbele ya batoto nilisema ni pombe, na wee ulikuwa unanisikia."

Kyungu aliacha tairi. Akavaa buti, hata kamba hakufunga.

Mbele ya munganga alivua kofia yake na kusema yote, amesimama wima kama kwa mkubwa wa shimo. Jiwe lilimpata Musafiri upande wa kushoto. Alilala. "Muda ya kutosha mi kumuhesabia mufu." Alipoamka aliuliza wanafanya kazi ya zamu gani, akauliza tena, na tena. Hakumbuki mwenyewe. Walimwambia kwamba aliteleza.

"Aksanti," munganga akasema. "Umechelewa, lakini umefika." Akaenda kunawa mikono.

Jua lilikuwa bado halijazama walipomaliza. Walimnyoa upande wa kushoto, wakatoboa matundu mawili madogo kwenye mfupa. Munganga alitoka, jasho limemlowesha, akatuambia kwamba damu ilikuwa humo, nyeusi kama mafuta ya gari yaliyokaa sana. Ilitoka yenyewe, kama kitu kilichokuwa kinangoja mlango.

Kyungu alikuwa amekaa nje kwenye veranda. Alilia kwa sauti, mtu mkubwa vile, na Mama Kadija, ambaye hakuwahi kumsalimu Mkatolika zaidi ya inavyolazimu, alimpa ncha ya kikwembe chake ajifute.

Leo asubuhi Musafiri amefungua macho. Ameinua mkono wa kuume, amekuna pua.

"Idi iko lini?"

"Ilipita," nikasema.

"Nilivala kanzu?"

"Ulivala."

"Mwanvua," akasema. "Abibu ameota jino?"

Amesema Abibu. Mwenyewe, bila kuulizwa.

23 Novemba

Amekunywa chai. Na sukari.

25 Novemba

Mama Kadija aliniletea bukari na samaki wodini. Tulikula pamoja. Alipokuwa anakusanya sahani akasema, "Ulifanya muzuri kukaa juu ya ile sanduku." Akaenda hadi mlangoni, akageuka. "Lakini ulivunja kifungo yake."

3 Desemba

Tuko nyumbani. Munganga ametuambia ukweli: damu imetoka, lakini ubongo ulioumia unapona polepole, na mahali pengine hauponi wote. Usingizi mwingi. Kelele kidogo. Asishuke shimoni tena. Siku za saumu alizokosa asizilipe mpaka munganga aseme.

7 Desemba

Haya ndiyo ambayo hakuna aliyenieleza kambini: mtu anarudi, lakini anarudi vipandevipande. Jana alitafuta neno la kijiko, akasema "ile ya kuzungushia," akakasirika na kijiko. Sirene ya saa ya kazi ikilia anatoka jasho. Nimemwomba Henriette afunge redio mchana. Amefunga, na anaimba mwenyewe badala yake, afadhali redio.

Wale watoto wa "tata mulevi" nimewaita wote. Sikuwapiga. Nimewaambia kilichokuwa kichwani mwa Musafiri, kama munganga alivyoniambia mimi, halafu nimewapa ndoo waende robine. Maji yetu yamejaa mpaka kesho kutwa.

11 Desemba

Alipandisha sauti kwa Amisa. Nimesimama kati yao. "Ugonjwa naujua," nikamwambia. "Lakini huyu ni mudogo, haujue. Ukisikia inakuja, toka nje, ukae na kuku." Ametoka. Amekaa na kuku muda mrefu. Kuku amezoea.

19 Desemba

Mvua. Ndala zote mbili.

26 Desemba

Kyungu anakuja kila siku, anakaa, anaangalia buti zake. Leo Musafiri amemchokoza: "Tata Kyungu, ulinihesabia mufu. Mufu bananyimaka chai? Mimina." Wakacheka mpaka Musafiri akashika kichwa, nikawafukuza wote wawili.

8 Januari 1973

Basovetere wamekutana kwa Kyungu, na munganga Kalala alikuja. Ukuta ule ni mwembamba, nimesikia. Kyungu alisema sheria ya kale imekufa. Kuanzia sasa mtu akizimia hanyang'anywi kofia. Atakayenyang'anywa ni yule atakayeficha. Kelele ilikuwa kubwa. Mmoja aliuliza, na nani atajua kama mtu amezimia, ikiwa mwenyewe hajui?

"Anaulizwa," Musafiri akasema. Alisema polepole, kama anavyosema siku hizi, na wote walingoja amalize. "Pale ku mulango ya shimo. Kabla ya kunawa, mbele ya bibi yake kumuona. Mi nitauliza. Kazi ya kufagia biro mulisema ni haya. Hii haiko haya."

20 Januari

Sirene. Sehemu ndogo imeanguka, hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Nilikuwa langoni na Abibu, safari hii mkavu. Musafiri alisimama pale shimo linapofungukia, na pamba masikioni kwa ajili ya kelele, akamwuliza kila sovetere mmoja mmoja: jina lako, jina la bibi yako, ulikula nini jana.

Kyungu akajibu kwa sauti ya kanisani: "Kyungu. Henriette. Bukari na nyama!"

"Bongo, uongo!" Henriette akapiga kelele kutoka langoni. "Ilikuwa sombe! Bamupeleke hospitali!"

Watu walicheka. Lakini kijana mmoja, Ngeleka, aliulizwa jina la bibi yake, akataja la mama yake, akatabasamu, akataja tena lilelile. Hakuna aliyecheka tena. Musafiri akamshika bega, akamkalisha, akamwita munganga. Kofia hawakumvua ili kumwaibisha. Walimvua ili wamwangalie.

24 Januari

Ngeleka ametoka hospitali, mzima. Alizimia kidogo chini, wamemwangalia, hakuna damu. Mama yake ameleta nanasi kwetu. Mama Kadija, ambaye alisema anarudi Mutshatsha wiki iliyopita, na wiki iliyotangulia, amelimenya.

28 Januari

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Musafiri amerudi, amesimama mlangoni na buti zenye matope, hakuingia.

"Jina yako?" akaniuliza, uso wa kazi.

"Mwanvua."

"Bwana yako?"

"Musafiri. Kama hajafuta buti, sijui."

"Ulikula nini jana?"

"Nilichopika. Kama siku zote."

Akacheka, akafuta buti. Abibu alikuwa mkononi mwangu, analia kwa jino la pili, uso wote machozi na mate. Nikamnyanyua mbele yake. Sikupanga. Ilinitoka tu.

"Na huyu mutoto ni ya nani?"

Nikaogopa. Niliona anatafuta, na macho yake yakaenda kwa mtoto, kwangu, kwa mtoto.

"Akilia, ni yako," akasema. "Akilala, ni yangu."

Akampokea kwa mkono wa kuume.